Siku Niliyomhoji Mume Wangu kwa Sauti ya Zuhura

Niseme mapema kabla hamjaanza kunicheka: aibu hii niliitafuta mwenyewe, nikaipata, na ilikuja kubwa kuliko nilivyoagiza. Ni ile aibu ambayo hata leo nikiwa nakunja mashuka pale hotelini Al Mankhool, hapa Dubai, hakuna hata anayeniangalia, inanijia ghafla nasema "aii!" kwa sauti, na yule dada Mganda ninayefanya naye kazi anadhani nimejichoma na pasi.

Wakati huo sikuwa wa mashuka. Nilikuwa mtu wa ofisi (tafadhali niheshimuni), ghorofa ya tatu, Bur Dubai, juu ya maduka ya vitambaa, kwenye kampuni ndogo inayopigia watu simu kuwauliza maswali. Leo sabuni, kesho maziwa ya watoto, kesho kutwa kama unaridhika na benki yako. Ukumbi mmoja, watu kama arobaini, kila mtu na meza yake na hedifoni yake kichwani, na kwenye kona kuna chumba cha kioo ambamo msimamizi wetu, Sir Anwar, alikuwa akikaa kusikiliza simu zetu ili ajue nani anafanya kazi na nani anapiga domo. Pembeni yangu alikaa Zuhura, mzaliwa wa Unguja, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kitamu kiasi kwamba watu wakipigiwa kuulizwa habari za sabuni walikuwa wanamwombea dua kabla ya kukata simu.

Basi mwaka huo kwetu Kenya ulikuwa wa uchaguzi, na kampuni ikapata kazi ya kuuliza wapiga kura wa kaunti yetu, huko Ukambani, watamchagua nani kuwa seneta. Nilichaguliwa wa kwanza kwa sababu hao ni watu wangu na lugha yao ni yangu. Tuliambiwa mambo mawili tu. La kwanza, hatutaambiwa nani ameagiza utafiti, ili tusimpendelee. La pili, majina ya wagombea tuyasome kwa sauti ileile, bila kukaza hili wala kulegeza lile. Wagombea wenye nguvu walikuwa wawili, Mwalimu Nzuki, mzee mstaafu, na mwanamke mmoja mfanyabiashara, Bi Katunge, na walikuwa bega kwa bega, wiki hii huyu yuko mbele kidogo, wiki ijayo yule, hata Sir Anwar ambaye hajui Ukambani iko upande gani wa dunia alikuwa akija asubuhi anauliza, "Yalla, haya, nani anaongoza?"

Sasa shida yangu ilikuwa huyo Bi Katunge.

Mume wangu, Mutinda, ni fundi wa kuchomelea vyuma. Ana karakana yake sokoni, mtu mkimya, akiongea maneno kumi kwa siku ujue kuna sherehe. Mimi nilikuwa na miaka minne Dubai, yeye amebaki na binti yetu Ndinda. Halafu nikaanza kuona picha kwenye kundi la simu la kijiji. Picha ya kwanza, Bi Katunge anahutubia, na nyuma yake nani? Baba Ndinda, amevaa fulana ya manjano. Nikasema sawa, siasa ni ya kila mtu. Picha ya pili, Bi Katunge anatembea kwenye jua na mume wangu amemshikia mwavuli, yeye mwenyewe kichwa chake kiko juani (mtu huyuhuyu ambaye siku ya harusi yetu mvua ilininyeshea viatu vikiwa mkononi na yeye anatembea mbele). Ya tatu ilikuwa video. Anacheza. Juu ya lori. Mutinda, aliyekataa kucheza kwenye harusi yake mwenyewe akidai goti, alikuwa juu ya lori anazungusha kiuno, na mheshimiwa pembeni anapiga makofi kwa mikono yenye bangili mpaka huku kwenye kiwiko.

Nilizijua bangili za yule mwanamke kuliko nilivyozijua nguo zangu. Nilimjua shingo, nilimjua hereni, nilijua leso gani alivaa Jumanne na gani alivaa Alhamisi. Nikimaliza kazi narudi chumbani, wenzangu wanapika, mimi niko kitandani navuta picha kwa vidole, nakuza, nakuza, mpaka uso wa mume wangu unakuwa vidoti tu, natafuta kama anatabasamu. Nikimpigia nauliza, "Uko salama?" anasema "Niko." "Kampeni?" "Iko." Basi.

Na wivu jamani haukai nyumbani, unakufuata kazini. Nikaanza kulisoma jina la Bi Katunge vibaya. Si kwamba niliruka, hapana, nililisoma, lakini nilimsoma Mwalimu Nzuki kama ninayetangaza bwana harusi, halafu "au-Katunge" haraka kama mtu anayetema kokwa. Mtu akisema Nzuki nilikuwa nabonyeza kitufe kwa furaha. Mtu akisema Katunge nauliza, "Una uhakika?"

Asubuhi ya siku yenyewe kulikuwa na pilikapilika, Sir Anwar amevaa tai, chumba cha kioo kimeteremshwa pazia, kuna wageni. Hatukuambiwa ni akina nani. Mimi nilikuwa na mambo yangu, kwa sababu usingizi ulikuwa umenikataa tangu nione picha mpya: Baba Ndinda amebeba mkoba wa kike. Mkoba wa kike!

Na hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo. Kompyuta zetu zilikuwa zinachagua namba zenyewe, lakini kulikuwa na mahali pa kuandika namba kwa mkono, kama mtu amekuambia yuko kanisani umpigie baadaye. Nikaandika namba ya mume wangu. Nilijiambia ni mpiga kura kama wengine. Na ili asinijue, nikaamua kuongea kama Zuhura.

"Asalaam aleikum bwana, hujambo? Samahani mno kukusumbua. Naitwa Zuhura, twafanya utafiti wa maoni ya wapiga kura katika kaunti yenu. Majibu yako ni siri, hapana atakayeyasikia isipokuwa mimi."

Zuhura mwenyewe aligeuka akanitazama kwa macho ya mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwenye orodha ya wadaiwa.

"Uliza dada," mume wangu akasema, "lakini haraka, tunaondoka saa hii."

Sauti yake! Alikuwa na sauti nzuri, changamfu, sauti ambayo mimi sikuwa nimeisikia miaka. Anampa mgeni sauti hiyo, mimi napewa "niko". Nikaendelea na fomu. Umri? Akasema thelathini na minane. (Ana arobaini na mmoja. Hiyo mitatu alikuwa anampunguzia nani?) Kazi? Fundi. Hali ya ndoa?

"Nimeoa," akasema, "lakini mke yuko nje."

Hiyo "lakini" ndiyo iliyonimaliza. Nikaona kwenye skrini kuna alama ndogo ya sikio imewaka, maana yake Sir Anwar anasikiliza laini yangu, na badala ya kushtuka nikasema moyoni, asikilize tu, Kiswahili hajui.

"Kama uchaguzi ungefanyika leo," nikamuuliza, "ungelimchagua nani kuwa seneta?"

"Ni siri kweli?"

"Siri kabisa, bwana wangu."

Nikasikia anatembea, mlango wa bati unalia, makelele ya watu yanabaki nyuma. Akashusha sauti. "Mwalimu Nzuki."

Jamani. Nilitaka kusimama juu ya meza. Fulana yote ile, lori lote lile, na kura hampi! Mtu mwenye akili angebonyeza kitufe, aseme ahsante, akate simu, arudi kwenye maisha yake. Lakini mimi nikataka zaidi, kwa sababu mwenye wivu ukimpa habari njema anaichunguza kama noti ya bandia.

"Na huyo Bi Katunge," nikasema, "ni mrembo?"

"Dada, hiyo iko kwa fomu?"

"Iko. Swali la kumi na nne, sehemu ya pili."

"Basi... ni mrembo, ndiyo. Kila mtu anaona."

"Kwa kipimo cha moja hadi tano?"

Akafikiri. "Nne."

Nne! Zuhura akanifinya paja. Nikadhani amekasirika kwa kuwa nimemwibia jina, nikausukuma mkono wake. "Na mkeo?" nikamuuliza mume wangu. "Mkeo utampa ngapi?"

Nikasikia anavuta debe, anakalia.

"Siwezi kumpa namba," akasema. "Miaka minne sijamwona vizuri. Tukipigiana simu ya picha uso wake unakwama, halafu sauti inakuja peke yake. Wakati mwingine nazungumza na picha imesimama mdomo wazi. Sasa hiyo nitaipa ngapi?"

Nikauliza tu la kwenye fomu, sababu ya kumchagua mgombea uliyemtaja.

"Mama yangu alikufa mwaka jana," akasema. "Mwalimu Nzuki alikuja mazishini kwa miguu. Mvua ilinyesha, watu wakakimbilia hema, yeye akabaki na mimi kaburini mpaka udongo wa mwisho. Mke wangu hakupata ruhusa ya kuja, simlaumu. Lakini nilikuwa nimesimama hapo, na aliyekuwa kando yangu ni yule mzee. Nitamnyima kura namna gani?"

Mnaona mahali ambapo ningenyamaza? Hata mtoto angepaona. Mimi machozi yamejaa, na badala ya kumwonea huruma mume wangu wivu ukanipanda upya, wivu hata kwa yule mzee na mvua yake, nikasahau Unguja, nikasahau Zuhura, lafudhi ya kwetu ikarudi mbio kama mbuzi aliyekata kamba:

"Sasa kama humpigii kura mbona unamshikia mwavuli? Mbona unambebea mkoba, wewe?"

Hakuna mtu aliyekuwa ametaja mwavuli.

"Mama Ndinda?" akasema polepole. "Ni wewe?"

Nikakata.

Nikavua hedifoni, ndipo nikatambua kwamba ukumbi umekuwa kimya na kwamba sauti ya mume wangu bado ilikuwa kama inaning'inia hewani, na Zuhura akaninong'oneza, "Nduku, mwenzangu, nakufinya toka saa ile. Wameifungulia spika. Mlango uko wazi, sote tumesikia." Kumbe Sir Anwar alikuwa akiwaonyesha wageni kazi inavyofanyika, na kwa kuwa aliniamini mimi kuliko wengine, akachagua laini yangu, na alipoona mazungumzo yanakuwa marefu na mhojiwa anafunguka, alifurahi akaongeza sauti. Neno hata moja hakulielewa. Lakini mgeni wake alielewa yote.

Akatoka. Shingo ileile. Bangili zilezile.

Alikuwa ameruka kuja Dubai siku mbili kukutana na watu wa kaunti yetu walioko huku, na akasema apitie aone utafiti aliouagiza. Ndiyo, yeye ndiye aliyeuagiza. Sir Anwar nyuma yake alikuwa bado anatabasamu, maskini.

"Nani hapa," Bi Katunge akauliza, "anaitwa Zuhura, mke wa Mutinda?"

Watu arobaini wakageuka. Zuhura akasimama. "Mie ndiye Zuhura, madam. Lakini mume wangu mie aitwa Suleiman."

Na mimi, hili ndilo linalonichoma hata kuliko yale mengine, nilikaa. Nilikaa kwenye kiti nikamwacha Zuhura amesimama pale peke yake, nikihesabu pumzi, nikitumaini sijui nini, labda jengo liungue. Zilikuwa sekunde chache, lakini yeye alinitazama zote. Halafu nikasimama.

"Ni mimi, Mheshimiwa."

Akaja mpaka mezani kwangu. Kwa karibu hakuwa yule wa kwenye picha. Alikuwa mfupi kuliko mimi, macho mekundu ya safari, miguu imevimba ndani ya viatu vya raba. Nikajikuta natazama kile nilichokuwa nakionea wivu, na kilikuwa mama aliyechoka.

"Mume wako amenishikia mwavuli wiki sita," akasema. "Katika hizo wiki sita hajaniambia kitu isipokuwa 'Mheshimiwa, angalia matope.' Nilidhani ni bubu. Kumbe ana mengi." Akatazama skrini yangu. "Na hao wengine uliowapigia, jina langu umekuwa ukilitaja kama ulivyolitaja kwa mume wako?"

Nikageuza skrini isionekane, na hilo likawa jibu. Zuhura akalazimika kumtafsiria Sir Anwar, na nilimwona yule mtu tabasamu likimtoka usoni kidogo kidogo. Mahojiano yangu yote, ya wiki zote, yakatupwa. Kwenye kinyang'anyiro cha bega kwa bega kama kile, hakuna aliyejua tena nani anaongoza.

"Mheshimiwa," nikasema, "nifanye unavyotaka, lakini yeye umwache. Aliambiwa ni siri."

"Aliambiwa na nani?" akaniuliza, akatoa simu kwenye mkoba. Ndiyo, mkoba ule. Alipiga akiwa amesimama mbele yangu, na kabla ya adhuhuri Mutinda hakuwa tena na fulana wala mwavuli.

Sir Anwar hakunipigia kelele. Alinyoosha mkono nikampa hedifoni, akasema, "Khalas, Nduku," yaani basi, imekwisha, kwa huzuni hasa, kama mtu anayemzika kuku wake wa mayai. Nilimfuata Zuhura ngazini kumwomba radhi. Akaniambia, "Jina nishakusamehe. Kile kiti ulichokalia sijakisamehe," akarudi kazini.

Mume wangu hakupokea simu siku tisa. Nikimpigia anapokea Ndinda: "Baba anasema yuko karakana." Nyuma namsikia anakohoa. Siku ya kumi akapokea mwenyewe, na mimi nilikuwa nimejiandaa, nimepanga maneno ya kuomba msamaha kwa ajili ya mwavuli, kwa ajili ya kura, kwa ajili ya kijiji kizima kumcheka, maana habari ilifika kabla ya mimi kushuka ngazi.

"Mwavuli haunihusu," akasema. "Nilikwenda kwenye kampeni kwa sababu huku mimi ni 'mume wa Nduku wa Dubai'. Pale juu ya lori walikuwa wananiita Mutinda. Hilo limekwisha, limekwisha. Kinachoniuma ni kwamba ulikuja kwa sauti ya mtu mwingine, na huyo mtu nikamwambia mambo ambayo wewe sijawahi kukuambia."

"Kwa nini hukuniambia, Baba Ndinda?"

"Hukuniuliza. Wewe unauliza mvua imenyesha, mtoto amekula, khalas. Hata mama yangu hujaniuliza alizikwa vipi."

Nilikuwa njiani kutafuta kazi, nikakaa chini palepale nje ya duka la vitambaa, watu wananiruka, nikamuuliza. Akanieleza tangu mwanzo, na ilichukua saa nzima, na mtu wa maneno kumi akamaliza maneno ya mwaka.

Bi Katunge alishinda, kwa kura chache sana, kwa hiyo msiniulize kama nilimharibia. Mutinda amerudi kwa vyuma vyake. Mimi nimepata hii ya mashuka. Zuhura tunasalimiana tukikutana, ila hakai.

Na nimeapa, sitamuuliza tena mume wangu kitu kwa jina la mtu mwingine, hata akinitumia picha amebebwa mgongoni na rais. Wivu wenyewe sitawadanganya, bado ninao, haukufukuzwa kazi pamoja na mimi. Juzi katuma picha ya geti alilolitengeneza na kando yake amesimama mke wa pasta, mwenye geti, amevaa gauni la buluu. Nikampigia palepale, kwa sauti yangu hii hii ya kikwetu.

"Baba Ndinda, nina wivu. Huyo mke wa pasta ni mrembo?"

Akafikiri. (Anafikiri nini huyu mtu?)

"Njoo uangalie mwenyewe," akasema.

Nimeomba likizo.